Huduma za kupima umri kwa makazi ya kale ya Waathapaska: ipi ulipie, ipi uiache

Anayechimba makazi ya kale ya Waathapaska, jamii ya lugha inayowajumuisha Wadene wa kaskazini pamoja na Wanavajo na Waapache wa kusini-magharibi mwa Marekani, hulipia kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni mwaka. Swali la walikotoka lilishajibiwa na lugha. Mwaka 1936 mwanaisimu Edward Sapir alionyesha kwamba Kinavajo kimebeba ndani yake alama za nchi ya kaskazini, na lugha zilizo ndugu zake zinazungumzwa hadi leo kuanzia Alaska na Yukon hadi Alberta. Kilichobaki ni waliondoka lini, walipita wapi, na walifika lini New Mexico na Arizona. Hapo kuna vigingi viwili vilivyosimama imara. Cha kwanza ni mlipuko wa mlima Churchill, Alaska, karibu na mpaka wa Yukon, uliomwaga majivu meupe ya White River juu ya nchi ya Wadene takribani mwaka 850. Cha pili ni mwaka 1541, pale msafara wa Kihispania wa Coronado ulipokutana nyandani na wawindaji wa nyati walioitwa Querecho, ambao wataalamu wengi huwahesabu kuwa Waapache wa mwanzo kuandikwa. Katikati pana karibu miaka 700. Kila huduma katika tathmini hii imepimwa kwa swali moja: je, inaweza kuweka kiatu, gunzi la mahindi au boriti mahali pake ndani ya miaka hiyo?

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Kaboni 14 kwa mashine ya AMS ni pesa halali kwa kitu chochote cha kabla ya mwaka 1300, na ni pesa ya mashaka kwa vitu vya baada ya 1450 usipojua cha kupeleka. Pete za miti hazina mpinzani katika Dinétah, nchi ya kwanza ya Wanavajo huko kaskazini-magharibi mwa New Mexico, mradi mbao ipo. Upimaji wa chanzo cha obsidiani, kioo cha volkano, ni wa bei nafuu, hauharibu kitu, na kila mradi unapaswa kuununua. Upimaji wa umri kwa unyevu wa obsidiani uachwe.

Kaboni 14: pale inapong'ara

AMS huhesabu atomu zenyewe za kaboni 14, kaboni yenye mionzi inayopungua kadiri kitu kinavyozeeka, badala ya kukaa na kusubiri zioze, ndiyo maana hutosheka na kidogo. Njia ya zamani ya kuhesabu mionzi ilidai gramu za kaboni safi, maana yake kiatu kizima kiteketezwe ili kijulikane umri wake. AMS inataka takribani miligramu 1 ya kaboni baada ya usafishaji. Kwa vipimo vya mezani, tenga miligramu 10 hadi 20 za mkaa, au punje moja ya mhindi iliyoungua. Ngozi au mbao ziwe miligramu 20 hadi 50. Mfupa uwe nusu gramu hadi gramu moja, kwa sababu kolajeni, protini ya mfupa na ngozi, inayopimwa ni sehemu ndogo tu ya mfupa uliokaa ardhini. Sampuli moja hugharimu dola mia kadhaa za Marekani na majibu huchukua wiki kadhaa. Huduma ya haraka ipo kwa nyongeza ya bei, lakini kwa swali lililosubiri miaka 700 haina faida.

Mahali pa kuona huduma hii ikifanya kazi yake vizuri ni mapango ya Promontory, kando ya Great Salt Lake huko Utah. Mwanaakiolojia Julian Steward aliyachimba mwaka 1930 na 1931 akatoa karibu mokasini 250, viatu vya ngozi laini, vikiwa vimehifadhiwa na ukavu wa pango. Ushonaji wake si wa watu wa jangwa lile. Kipande kimoja cha ngozi kinafunika wayo na pande za mguu, mbele kinakusanywa kwa marinda madogo kuzunguka vidole, kisha kinashonwa kwa uzi wa kano kwenye kipande kidogo juu ya mguu, na juu yake inaongezwa ngozi ya kuzungushia kifundo. Huo ni mkono wa mshonaji wa misitu ya kaskazini. Steward alisema hivyo mwaka 1937, ila hakuwa na njia ya kupata mwaka, kwa kuwa kaboni 14 ilikuwa bado haijavumbuliwa kama kipimo.

Jack Ives wa Chuo Kikuu cha Alberta na Joel Janetski wa Brigham Young walirudi kwenye makusanyo hayo na baadaye kwenye mapango yenyewe, na idadi ya viatu ikapita 300. Mwaka 2014 wao na wenzao, akiwemo Christopher Bronk Ramsey wa Oxford, walichapisha mfululizo wa tarehe za AMS zilizochukuliwa kwenye vitu vyenyewe. Zilipounganishwa kitakwimu zikabana kipindi chote cha ukaaji karibu na miaka 1250 hadi 1290. Hicho ni kizazi kimoja au viwili tu. Sehemu kubwa ya viatu hivyo ni vya watoto na vijana, kwa hiyo waliokaa pale walikuwa familia zilizokuwa zikiongezeka, wenye nyama ya nyati ya kutosha. Mahesabu ya namna hii hayawezekani pale ambapo tarehe inayumba miaka 200 huku na huku.

Sababu ya kubana kiasi hicho iko kwenye grafu ya kalibresheni kuliko kwenye mashine. Umri wa kaboni si mwaka wa kalenda. Ni lazima upitishwe kwenye grafu, na inayotumika sasa kwa nusu ya kaskazini ya dunia ni IntCal20. Katika karne ya 13 grafu hiyo inateremka kwa kasi, hivyo tofauti ndogo ya kaboni inaangukia kwenye miaka michache ya kalenda. Sampuli yenye umri wa kaboni wa miaka 750±25, unaohesabiwa kurudi nyuma kutoka 1950, inatoka takribani kati ya 1225 na 1290. Sampuli yenye ubora uleule yenye umri wa 600±30 inasambaa kuanzia karibu 1300 hadi 1410, kwa sababu hapo grafu inapanda na kushuka kama paa la bati. Mashine ni ileile na bei ni ileile, lakini jibu la pili ni pana karibu mara mbili. Kabla ya kujaza fomu ya maabara, fungua programu ya OxCal, ambayo ni ya bure, uingize umri unaoutarajia pamoja na kosa la ±25, uone grafu itakurudishia nini. Kazi hiyo ni ya dakika tano na inaokoa bajeti ya msimu mzima.

Ngozi ndiyo sampuli yenye mitego zaidi, na fomu nyingi za maabara hazikuulizi maswali yanayofaa. Wengi huogopa vidole vyao wenyewe. Mafuta ya mkono ni kaboni ya leo, na kwa kiatu cha miaka 700 kaboni ya leo ikiwa asilimia 1 husogeza umri kwa miaka ipatayo 7 tu. Hatari iko upande wa pili, kwenye gundi na dawa za kuimarishia ngozi zilizotengenezwa kwa mafuta ya petroli. Kaboni ya petroli imekufa, haina kaboni 14 hata chembe. Ikibaki asilimia 1 kwenye sampuli, inaongeza miaka 80 hivi. Ikibaki asilimia 5 inaongeza zaidi ya miaka 400, na kiatu cha mwaka 1270 kitasomeka kama cha miaka ya 860. Huo ni wakati uleule wa majivu ya White River. Mtafiti anayetamani kuunganisha mokasini na mlipuko atapewa jibu analolitaka, kwa kosa la kusafisha. Kila tarehe ya karne ya 9 inayotoka kwenye ngozi ya makumbusho iangaliwe kwa jicho hilo kwanza.

Kwa hiyo tafuta rekodi za uhifadhi za kitu chenyewe: kilipakwa nini, mwaka gani, na nani. Kata sampuli kwenye ukingo uliokwisha chakaa wa ngozi ya kifundo, mbali na namba ya usajili iliyoandikwa kwa wino na kuzibwa kwa vanishi. Usiguse mshono, kwa sababu mshono ndio ushahidi wa asili ya kiatu. Uzi wa kano uliokatika na kuning'inia ni sampuli nzuri, maana ulitoka kwenye mnyama mmoja na ulishonwa ukiwa mpya. Kiraka ni kitu kingine. Mokasini za Promontory zilishonwa na kushonwa upya, kwa hiyo andika kwenye fomu kama kipande ni cha kiatu cha awali au cha matengenezo. Omba maabara ioshe kwanza kwa mfululizo wa vimumunyisho, yaani asetoni, methanoli na klorofomu, kabla ya asidi. Na usikubali usafishaji wa kawaida wa mkaa, ule wa asidi, alikali na asidi tena kwenye joto la nyuzi 70 au 80. Mkaa unaustahimili, ngozi inageuka mchuzi. Kwa ngozi alikali iwe hafifu, baridi na ya muda mfupi. Ikiwa kitu kilikaa makumbusho ya zamani, waambie pia kwamba huenda kilipakwa aseniki dhidi ya wadudu. Hilo ni la usalama wa mtu atakayekishika.

Majibu yakija, usisome umri peke yake. Kwa mfupa na ngozi angalia uwiano wa kaboni kwa nitrojeni: kolajeni nzima hukaa kati ya 2.9 na 3.6. Ukikuta 4 au zaidi, kitu kingine kimechanganyika humo na tarehe hiyo haifai, hata ikikupendeza.

Pale inapochoka

Twende Dinétah, kwenye makorongo ya Largo na Gobernador. Hapa mteja anataka kujua kama Wanavajo walikuwepo mwaka 1450, 1500 au 1600, na hapa ndipo AMS inapolegea. Kuanzia karibu 1450 hadi 1640 grafu inajikunja yenyewe, na umri wa 300±30 unakurudishia takribani 1490 hadi 1660, yaani kuanzia kabla ya Wahispania hadi baada ya misheni zao kujengwa. Umri wa 200±30 unatoa vipande vitatu: katikati hadi mwishoni mwa karne ya 17, tena karibu 1725 hadi 1810, tena karne ya 20. Kuongeza usahihi wa mashine kutoka ±30 hadi ±15 kunasaidia kidogo sana, kwa kuwa tatizo liko kwenye anga ya wakati ule. Maabara inayokuuzia usahihi wa juu kwa sampuli moja ya kipindi hiki inakuuzia kitu kisichokufaa.

Juu ya hilo linakuja tatizo la mti mzee, ambalo Michael Schiffer alilieleza mwaka 1986 kwa makazi ya Wahohokam, wakulima wa kale wa Arizona, na ambalo linahusu nchi yote kavu ya kusini-magharibi. Mreteni na msonobari wa pinyoni huishi karne nyingi. Mti ukifa, gogo lake hukaa juu ya ardhi kavu karne nyingine bila kuoza, na mtu anayetaka kuni huokota lililokauka, hakati bichi. Kaboni 14 hupima mwaka pete ilipoota, haipimi usiku moto ulipowashwa. Jiko la mwaka 1650 lililochochewa kwa moyo wa mreteni linaweza kusomeka 1400 bila kosa lolote la maabara. Baadhi ya tarehe za mapema mno za kuwasili kwa Wanavajo zimesimama juu ya mkaa wa aina hiyo.

Dawa yake ni gunzi la mahindi. Mmea wa mahindi huishi msimu mmoja, kwa hiyo mwaka wake ni mwaka wa mlo. Katika makazi ya awali ya Wanavajo magunzi hupatikana kwenye majiko na mashimo ya takataka. Hata chungu chao cha mwanzo, Dinetah Gray, chenye kuta nyembamba na kitako kilichochongoka, kina mistari ya kukwanguliwa kwa gunzi kabla ya kuchomwa. Peleka punje au kipande cha gunzi kilichoungua, au kijiti chembamba cha kichaka chenye gome lake. Mpe mtaalamu wa mimea akitambue kabla hakijaenda, kwa sababu kikishaingia kwenye asidi hakuna atakayejua tena kilikuwa nini.

Mmea wa mahindi nao una jambo lake. Usanisinuru wake hukusanya kaboni nzito kuliko miti, na kipimo chake cha kaboni 13 hukaa karibu −10 kwa elfu, ilhali mkaa wa mti huwa karibu −25. Maabara ya leo hurekebisha tofauti hiyo moja kwa moja. Ripoti za miongo ya mwanzo mara nyingi hazikurekebisha, na mhindi usiorekebishwa huonekana kijana kwa miaka 240 hivi. Ukikuta kwenye kabrasha la zamani tarehe ya mahindi isiyo na kaboni 13 pembeni, usiilinganishe na tarehe ya mkaa iliyo mstari wa chini yake. Zinapishana kwa karne mbili kabla hata hujaanza kufikiri.

Ukiwa na mbao yenye pete 60 au zaidi ambayo wataalamu wa pete wameshindwa kuilinganisha, AMS inaweza kukombolewa kwa njia ya kulinganisha mawimbi. Kata vipande vitano au sita vya pete tano tano, vilivyoachana kwa idadi ya pete unayoijua hasa, vipimwe vyote, kisha amri ya D_Sequence katika OxCal itafute mahali pekee kwenye grafu ambapo mfululizo wote unakaa. Mawimbi yaleyale yaliyokuwa yakikuumiza yanakuwa msaada. Gharama ni mara tano au sita, na kwa karne za 15 hadi 17 tunaipendekeza kuliko sampuli sita zilizotawanyika kwenye majiko sita.

Pete za miti

Huduma hii ina nyumbani kwake Tucson, kwenye maabara ya pete za miti ya Chuo Kikuu cha Arizona iliyoanzishwa na A. E. Douglass mwaka 1937. Inachokupa ni mwaka mmoja, bila alama ya ±. Kwa Dinétah imebadilisha historia yenyewe. Juu ya miamba ya korongo zile zimesimama pueblito zaidi ya mia moja, nyumba ndogo za mawe zenye kuta za ulinzi, na kwa muda mrefu ilisemwa zilijengwa na wakimbizi wa Kipueblo, wakulima wenyeji wa New Mexico, baada ya uasi wao wa 1680 dhidi ya Wahispania na kurudi kwa Wahispania katika miaka ya 1690. Ronald Towner alipozipitia mbao moja baada ya moja, tarehe nyingi za ukataji ziliangukia nusu ya kwanza ya karne ya 18, zimechelewa mno kuwa za wimbi la wakimbizi. Picha iliyobaki ni ya Wanavajo wenyewe wakijikinga na mashambulizi ya Wayute, kabila jirani la kaskazini.

Yanayoharibu kazi hapa ni machache na yanajulikana. Tarehe ina maana ya ukataji pale tu pete ya nje kabisa ipo. Ripoti itaonyesha herufi baada ya mwaka: B ni gome lipo, r ni pete ya nje inaendelea kuzunguka sehemu inayoonekana, na vv ni pete za nje zimepotea kwa idadi isiyojulikana. Tarehe ya vv inasema "baada ya mwaka huu" na haisemi zaidi. Inasikitisha kuona vv ikiandikwa kwenye jedwali kama mwaka wa ujenzi, maana kosa hilo hunakiliwa kutoka ripoti moja hadi nyingine. Pia boriti hutumika tena. Hogani (nyumba ya Wanavajo) ya nguzo zenye panda, iliyo alama nzuri ya Wanavajo wa mwanzo, huweza kuwa na nguzo mbili za gogo lililokufa zamani na ya tatu iliyokatwa mbichi. Angalia kichwa cha nguzo: shoka la jiwe huacha ncha iliyotafunwa kama mswaki, shoka la chuma huacha nyuso bapa. Chukua sampuli nyingi kadiri jengo linavyoruhusu, utafute tarehe zinazojikusanya. Tarehe moja peke yake isikushawishi.

Mkaa wenye pete nao unapimika. Usiuoshe. Ufunge kwa uzi wa pamba ungali ardhini, uuzungushie pamba, uuweke kwenye kopo gumu. Ukikauka haraka juani hupasuka vipande, na pete zilizopasuka hazihesabiki.

Huduma hii ina mpaka. Mreteni wa makorongo hukua kwa kujinyonganyonga na hukataliwa mara nyingi, na kaskazini ya mbali makambi ya kale ya Wadene hayakuacha boriti za kutosha. Huko rudi kwenye AMS, na kwenye majivu.

Majivu, obsidiani na mengineyo

Majivu ya White River ni kipimo cha umri kinachoonekana kwa macho: mstari mweupe kwenye kingo za barabara za Yukon, mnene karibu na mlima na unaopungua kuelekea mashariki. Kilicho chini yake ni cha kabla ya 850, kilicho juu ni cha baadaye, bure kabisa. William Workman aligawa historia ya eneo la Aishihik na Kluane kwa mstari huo. Ulipie maabara pale tu tabaka ni jembamba au limechanganyika. Mlima huohuo ulilipuka pia karne kadhaa kabla, majivu yakaenda kaskazini, na vioo vya milipuko miwili vinafanana sana kikemia. Mwambie mpimaji aangalie pia madini ya oksidi ya chuma na titani, ambayo hutenganisha vizuri zaidi.

Kwa kipindi hichohicho, barafu za milimani kusini mwa Yukon, zilizoanza kuchunguzwa mwaka 1997, zimetoa mikuki ya kurusha kwa kirushio yenye umri hadi zaidi ya miaka 9,000, na mishale ya upinde inayochukua nafasi yake karibu miaka 1,200 iliyopita. Karibu kila kifaa kinapimwa kwa AMS chenyewe, maana barafu haina matabaka ya kuaminika. Mavi ya karibuu, kulungu wa kaskazini, yaliyozunguka kifaa si mbadala, kwa sababu barafu ikiyeyuka huyasogeza.

Chanzo cha obsidiani hupimwa kwa mionzi ya eksirei bila kukwaruza jiwe. Kipande kiwe na upana wa milimita 10 na unene wa milimita 2 hivi. Kikiwa chembamba zaidi, namba za rubidi, stronti na zirkoni huyumba na kukupeleka kwenye mlima usio wake. Matokeo yake ni ramani ya nani alijuana na nani: Batza Téna na Wiki Peak kaskazini, Edziza huko British Columbia, Malad huko Idaho, milima ya Jemez huko New Mexico. Usichanganye huduma hii na ile ya kupima unyevu uliopenya jiwe ili kupata umri. Kasi ya unyevu hutegemea joto la ardhi, na watu waliohama kutoka barafu hadi jangwa wameacha mawe yao kwenye kila joto linalowezekana. Moto wa nyikani nao hufuta kipimo.

Luminesensi, inayopima lini chungu au jiwe lilipashwa moto mara ya mwisho, haina grafu ya kaboni ya kuisumbua, na hilo ni jambo kubwa kwa karne za 15 hadi 17. Mwanaakiolojia Deni Seymour ameitumia pamoja na kaboni 14 kwenye makambi ya Waapache wa kusini, akitetea kuwasili kwao mapema, karne ya 14. Makambi hayo yana duara za mawe na vifaa vichache tu, kwa hiyo jiwe lililoungua huwa ndiyo sampuli pekee iliyopo. Kosa lake ni asilimia 5 hadi 10, maana yake miaka 20 hadi 40 kwa kitu cha miaka 400. Kigae kisione jua kinapotolewa, kiende pamoja na gramu 200 hivi za udongo uliokizunguka, na kiwe kinene, kwa sababu maabara hukwangua milimita 2 kila upande. Kigae chembamba cha Dinetah Gray huishia hapo, hakibaki kitu cha kupimwa. Waulize kabla ya kutuma.

Fomu, vibali na kinachorudi

Hakuna huduma kati ya hizi inayokuambia sampuli ni ya nani. Inakupa mwaka. Jina la watu linatoka kwenye mshono wa kiatu, panda za hogani, kuta za chungu, na maneno ya wazao wao. Kisanduku cha fomu kinachosema "utamaduni" kiache wazi. Ukiandika "Navajo", neno hilo litarudi kwenye ripoti, na baada ya miaka kumi mtu atalinukuu kana kwamba maabara ndiyo iliyoligundua.

Katika ardhi ya umma na ya makabila nchini Marekani, kuchimba na kuchukua vitu kunahitaji kibali chini ya sheria ya 1979 ya kulinda rasilimali za akiolojia. Masalia ya binadamu na vitu vya maziko viko chini ya sheria ya 1990 ya kuvirejesha kwa wenyewe. Katika ardhi ya Wanavajo, idara ya urithi ya Taifa la Navajo ndiyo inayotoa ruhusa. Yukon, kazi ya barafu imefanywa pamoja na Mataifa ya Kwanza yenyewe, yakiwemo Champagne na Aishihik, na Carcross/Tagish. Upimaji huteketeza kitu, na mwenye kitu anapaswa kuambiwa ni miligramu ngapi zitateketea kabla kisu hakijagusa ngozi.

Funga sampuli kwa karatasi ya alumini, kisha mfuko wa plastiki, lebo iwe nje ya alumini. Pamba na karatasi visiguse sampuli ya kaboni, maana nyuzi zake ni kaboni pia. Mkaa wenye unyevu ukaushwe polepole kabla ya kufungwa, la sivyo ukungu utaota safarini. Pima uzito, piga picha yenye kipimio pande zote mbili. Katika fomu omba kwa maandishi namba ya maabara, njia ya usafishaji iliyotumika, umri ambao haujakalibreshwa pamoja na kosa lake, kaboni 13, na uwiano wa kaboni kwa nitrojeni. Tarehe iliyokalibreshwa peke yake haitoshi, kwa sababu grafu hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa na utahitaji kuipitisha upya. Mwisho omba mabaki: kolajeni iliyosalia na ngozi ambayo haikutumika, zirudi zikiwa kwenye kichupa chenye namba ileile.